Siku Tatu Mwanihana, na Ndege Niliowasikia Kabla ya Kuwaona

Mara ya kwanza nilipopanda Milima ya Udzungwa nilirudi nyumbani na majina sita tu katika daftari langu, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya ndege ninaowaona kila asubuhi kwenye mwembe wa jirani yangu hapa Morogoro. Nilikuwa nimeazima darubini nzuri, nimenunua viatu vipya, na nimepanda njia ya maporomoko ya Sanje mbio mbio kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akinisubiri juu na zawadi. Tulipofika chini ya maji yale yanayoanguka mita 170 kwa hatua tatu, nilipiga picha nyingi, nikala mayai yangu ya kuchemsha, nikafunga daftari. Mwongozaji wetu, mzee mwenye mvi ambaye njia nzima alikuwa akisimama nyuma peke yake huku sisi tukimwita atuharakishe, alinitazama akasema kwa upole, "Mwanangu, leo umepanda mlima. Ndege utakuja kuwaangalia siku nyingine."

Siku hiyo nyingine ilichelewa miaka sita. Agosti mwaka jana nilichukua likizo, nikapiga simu kuulizia kama mzee yule bado anaongoza wageni, na nilipoambiwa kwamba bado yupo nikaomba njia ya Mwanihana, ambayo ni mwendo wa kilomita 38 unaochukua siku tatu na kulala mara mbili msituni. Sikuwa na mazoezi ya kutosha kwa mwendo huo, na magoti yangu yalinikumbusha jambo hilo kila tulipoteremka, lakini hayo si ya kusimulia sana.

Kwa asiyeifahamu njia ya kwenda huko, ukitoka Morogoro unafuata barabara ya Iringa hadi mji wa Mikumi, kisha unakata kushoto kuelekea Ifakara. Unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, unaingia katika mashamba ya miwa yasiyoisha, na upande wa kulia wa barabara mlima unasimama ghafla kama ukuta, bila vilima vidogo vya kukuandaa. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yapo Mang'ula, chini kabisa ya ukuta huo. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo, na ninawajua watu wanaopenda kwenda kwa treni ili waione Kilombero taratibu kupitia dirishani. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1992 na ina eneo la kilomita za mraba 1,990. Hakuna barabara za gari ndani yake kama zile za Mikumi au Serengeti, kwa hiyo anayetaka kuiona hana budi kutembea kwa miguu.

Jambo ambalo sikulielewa katika safari yangu ya kwanza, na ambalo mzee alinieleza tukiwa bado tunafunga mizigo, ni kwamba msitu wa Mwanihana haujakatika. Unaanzia chini kabisa, mita kama 250 kutoka usawa wa bahari, karibu na miwa na mashamba ya mpunga, ukapanda bila pengo hadi zaidi ya mita 2,000. Katika milima mingine mingi ya Tao la Mashariki, msafara ule wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya ukapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na kuishia huku kwetu kusini, sehemu kubwa ya msitu wa chini ilishageuzwa mashamba ya chai, mahindi au miti ya mbao, na kilichobaki ni kofia ya kijani kichwani mwa mlima. Ndege wa mlimani katika sehemu hizo baridi ikiwabana hawana pengine pa kwenda. Mwanihana bado wana ngazi nzima. Kati ya Juni na Agosti, ubaridi unapokaa juu na wadudu wanapopungua, baadhi ya ndege ambao kwa kawaida huishi mwinuko mkubwa huteremka kidogo kidogo, na wengine hufika hadi karibu na bonde. Kwa hiyo anayekuja Agosti anaweza kukutana, akiwa hajatokwa jasho sana, na ndege ambaye mwezi Novemba angelazimika kumpandia siku nzima.

Hasara ya Agosti ni kwamba ndege hawaimbi sana. Uimbaji wenyewe hupamba moto mvua za vuli zinapokaribia na wanapoanza kujenga viota. Mzee hakujali. Alisema kwamba ndege asiyeimba huita, na asiyeita huparua majani, na asiyeparua majani hupeperusha bawa, kwa hiyo mwenye masikio hakosi kazi.

Siku ya kwanza tuliingia msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa watu wanne: mzee, askari wa uhifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya ndovu na nyati, kijana mmoja aliyesaidia kubeba hema na sufuria, na mimi. Baada ya mita mia mbili tatu mzee akasimama, akakaa juu ya mzizi, akaniashiria nikae. Tulikaa dakika ishirini. Mwanzoni sikusikia kitu isipokuwa maji ya kijito na pumzi zangu mwenyewe. Kisha kelele ile moja kubwa ya msitu ikaanza kugawanyika vipande: mlio mmoja mkavu ulitoka chini kwenye majani makavu, mwingine ulishuka kutoka juu kama mtu anayekwaruza kitana, na wa tatu, wa ajabu kuliko yote, ulisikika mfano wa mashine ndogo ya kukereza iliyowashwa na kuzimwa. Nilidhani ni mdudu. Mzee akanielekeza kwa kidevu, na kwenye tawi tupu nikamwona ndege mnene mwenye mdomo mpana na michirizi kifuani, ambaye aliruka, akazunguka duara dogo angani, akarudi palepale alipotoka. Mlio ule haukutoka kooni mwake. Ulitoka kwenye manyoya ya mabawa yake. Katika miaka sita iliyopita lazima nilikuwa nimempita huyu huyu au babu yake, nikidhani ni panzi.

Askari wetu, kijana mcheshi, alitazama saa akasema, "Mzee, kwa mwendo huu chakula cha usiku tutakula kesho mchana." Mzee akamjibu kwamba chakula alikibeba yeye mwenyewe, kwa hiyo anajua kitaliwa lini.

Hondohondo ndio ndege wanaomsaidia mgeni kujisikia mjuzi, maana hawajifichi. Wapo wa aina mbili wakubwa, na wote wawili huwezi kuwakosa: mmoja hulia kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa, na mwingine, mwenye mashavu ya rangi ya fedha, akipita juu ya miti mabawa yake huvuma kwa nguvu kiasi kwamba unainama bila kutaka. Kijana wetu mbebaji alinisimulia jinsi jike anavyojifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kutaga, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi na kuacha ufa mwembamba tu ambao dume hupitishia matunda. Aliongeza kwamba dume akifa njiani, basi nyumba nzima ina shida. Alilisema hilo kwa huzuni ya mtu anayetegemewa kwao.

Shorobo naye tulimsikia kabla ya saa tatu, akikoroma juu ya miti kwa sauti isiyolingana kabisa na uzuri wake. Alipovuka uwazi wa kijito alifungua mabawa, na wekundu ule ukamulika kama kiberiti. Wekundu huo una madini ya shaba ndani yake, rangi ambayo jamii ya shorobo huitengeneza wenyewe mwilini na ambayo haionekani kwa ndege wa jamii nyingine. Nilipomwambia mzee habari ya shaba alitikisa kichwa kwa heshima, lakini niliona kwamba haikumshangaza sana. Kwake ndege huyo alikuwa wa ajabu hata kabla ya kemia.

Tukio ambalo nitalikumbuka kuliko yote lilitokea karibu saa sita mchana, na lilianza vibaya. Nilikuwa nimesimama mahali pazuri, darubini usoni, nikifuatilia kivuli fulani kwenye majani, nilipohisi moto ndani ya suruali. Siafu. Walikuwa wamevuka njia kwa upana wa mkeka mzima, nami nilisimama katikati yao kama mgeni rasmi. Sitaeleza kwa kirefu niliyoyafanya baada ya hapo. Itoshe kusema kwamba askari aligeuka akatazama upande mwingine kwa adabu. Nilipokwisha kuwatoa, nikitarajia tuondoke haraka, mzee aliniambia nirudi nyuma hatua kumi, niingize suruali ndani ya soksi kama alivyoniagiza tangu asubuhi, na nikae kimya. "Siafu wanapotembea," alisema, "jikoni kumefunguliwa."

Na kweli kulikuwa kumefunguliwa. Siafu wanaposonga chini ya majani, buibui, panzi, nyenje na mende hukimbia mbele yao kuokoa roho, na kuna ndege ambao maisha yao yamejengwa juu ya mkimbio huo. Wa kwanza kutokea alikuwa ndege mkubwa kiasi, mgongo wa kahawia iliyokolea na kifua cheupe kama shati la sikukuu, ambaye kwa kawaida hukaa gizani chini ya vichaka na huondoka kabla hujainua darubini. Sasa alikuwa mita nne kutoka kwangu, akishuka chini, akinyakua, akirudi kwenye kijiti, bila kunijali. Wakatokea wawili zaidi. Kisha mzee akanigusa kiwiko, akaonyesha chini kabisa, na hapo nikamwona mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mwezi mweupe chini ya koo, uliochorwa kana kwamba kwa chaki. Ndege huyo anapatikana katika milima ya Zimbabwe na Msumbiji, kisha unaruka umbali mrefu hadi Udzungwa na Usambara, na katikati hayupo. Tuliwatazama kwa karibu saa nzima. Katika saa hiyo sikupiga hata hatua moja, na niliandika ndege wengi kuliko nilivyowaandika katika safari yangu yote ya kwanza.

Jioni kambini nilifungua kitabu changu cha ndege ili niwape majina, na ndipo nilipoingiwa na fikra ambayo haijanitoka. Yule mwenye kifua cheupe jina lake la kisayansi linamkumbusha Fülleborn, daktari wa Kijerumani. Yule mwenye mwezi shingoni anaitwa kwa jina la Swynnerton, Mwingereza ambaye baadaye alikuja Tanganyika kupambana na mbung'o na akafia huku katika ajali ya ndege mwaka 1938. Shorobo tuliyemwona amepewa jina la Livingstone. Nilimuuliza mzee anawaitaje yeye. Akanitajia majina ya lugha ya kwao moja baada ya jingine, kila jina likifanana na mlio wa mwenyewe, nami nikajaribu kuyaandika kwa mwanga wa tochi nikayakosea karibu yote, akacheka hadi akakohoa. Kiswahili chetu kina hondohondo, shorobo, chozi, shore, kwale na wengine wengi wa bondeni na pwani, lakini kwa ndege hawa wa gizani chini ya miti ya milimani mara nyingi nilibaki na maelezo badala ya jina. Majina yapo, ila yamekaa vinywani mwa watu wa vijiji vya chini ya mlima, na hayajavuka barabara kuja kwetu.

Historia ya mlima huu imejaa mikasa ya aina hiyo. Mwaka 1979 watafiti wawili wakiwa katika msitu wa Mwanihana walisikia mlio wa mnyama wa jamii ya nyani ambao hawakuutegemea kabisa sehemu hii ya Afrika. Walipomuuliza mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza, hakuhitaji kufikiri: huyo ni ng'olaga. Ulimwengu wa sayansi ulikuwa umepata aina mpya ya nyani, na mwenyeji alikuwa amejibu swali dogo. Asubuhi ya siku ya pili tuliwasikia hao ng'olaga wenyewe, sauti nzito inayoanza kwa mguno mmoja, ikanyamaza, kisha ikamwagika kwa mfululizo, halafu tukawaona wakivuka njia mmoja mmoja, manyoya ya kijivu na nyuso zilizopauka, wakitukagua kama maofisa. Juu yao walikuwepo mbega wekundu, ambao nao hawapatikani popote duniani nje ya Udzungwa na misitu michache ya jirani katika bonde la Kilombero.

Mkasa wa kwale ni mtamu zaidi, kwa maana zote mbili. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika msitu wa Ndundulu, upande wa magharibi wa milima hii, na jioni moja wakaona katika sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemfahamu. Mpishi na wenzake walimfahamu vizuri, maana walikuwa wanamla. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwale huyo hakuwa na ndugu wa karibu katika Afrika. Ndugu zake wanaofanana naye zaidi wapo katika misitu ya milima ya Asia. Mwaka 1994 alitangazwa rasmi na kupewa jenasi yake mwenyewe, Xenoperdix, jina lenye maana ya kwale mgeni. Mimi huona jina hilo limegeuzwa. Ndege aliyekaa katika msitu huu kwa mamilioni ya miaka, huku unyevu wa Bahari ya Hindi ukiulinda usikauke wakati sehemu nyingine za bara zilipokuwa zikipoteza misitu, si mgeni. Wageni ni wale waliokuja na vijiko. Kumwona kunahitaji safari nyingine kabisa, kwa kupitia Udekwa wilayani Kilolo, na njia ya Mwanihana haimfikii.

Nilimuuliza mzee alijifunza wapi kusikiliza. Akasema utotoni, akiwa na mama yake na shangazi zake wakiokota kuni, kwa sababu mtoto anayeogopa msitu hupewa kazi ya kusikiliza ili asilie. Hata baada ya hifadhi kuanzishwa, wanawake wa vijiji vya jirani waliendelea kwa miaka mingi kuruhusiwa kuingia kwa siku maalumu na kuokota kuni zilizoanguka, hadi ruhusa hiyo ilipokoma mwaka 2011. Ninaelewa sababu yake, kwani wingi wa watu bonde la Kilombero umeongezeka sana na msitu wa chini ndio ulioumia zaidi, na bila msitu vijito vinavyonywesha mashamba yale yale ya bondeni vingekauka. Lakini wajukuu wa mzee, wanaoishi mita mia tano kutoka ukingo wa miti, hawajawahi kuingia isipokuwa mara moja na shule. Wanajua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga wote hadi wa akiba. Mlio wa ng'olaga wanausikia wakiwa kitandani, na mmoja wao, alisema mzee, alidhani ni wa mbwa.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na kijito, na sikulala sana kwa sababu ya perere, mnyama mdogo wa saizi ya sungura anayepanda miti na kupiga kelele ambazo ungedhani mlango wa kaburi unafunguliwa. Usiku wa pili ulikuwa wa baridi kali kuliko nilivyojiandaa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukakaa juu yetu, matone yakaanguka kutoka kwenye miti usiku kucha ingawa mvua haikunyesha, na taa za kiwanda cha sukari kule chini zikazimika moja baada ya nyingine ndani ya wingu. Huko juu miti ni mifupi, imevikwa kuvu na ndevu za kijani, na sauti ni chache, lakini kila moja inasafiri mbali. Tulipokaribia kileleni tulikuta kinyesi cha ndovu kikiwa bado na mvuke. Nilikuwa nimedhani ndovu ni mnyama wa mbuga. Kumbe wa hapa hupanda miteremko ambayo mimi niliipanda kwa mikono na magoti. Luhombero, kilele cha juu zaidi katika hifadhi, chenye mita 2,576, hakipo kwenye njia hii, na sikuhuzunika.

Mchana wa siku ya pili ndipo jambo lililotuletea ugomvi mdogo lilipotokea. Kila anayekuja Mwanihana kwa ajili ya ndege huwa na jina moja moyoni: chozi mwenye mabawa ya kutu, aliyegunduliwa katika msitu huu huu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye makazi yake hayatoki nje ya milima ya Udzungwa. Tulikuwa tunateremka kidogo kutoka kwenye ukingo, mahali ambapo mtambaji mmoja ulikuwa umechanua juu ya mti ulioanguka. Mzee alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu. Machozi wawili watatu walikuwa wakifukuzana kwenye maua, wadogo, wepesi, weusi dhidi ya mwanga kama machozi wote, mpaka mmoja alipogeuka akasimama hewani kwa sekunde moja au mbili, na ukingo wa bawa lake ukashika jua. Ulikuwa na rangi ya bati lililoota kutu. Kichwa kilimetameta buluu na zambarau, kifuani pakawa na mkanda mwekundu, kisha akapotea.

Nilipiga kelele, jambo ambalo halifai. Mzee aliinuka, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Sikumsikia."

Tulikaa pale dakika arobaini, na hakurudi. Mzee hakusema kwamba nimekosea. Alisema tu kwamba yeye hawezi kumwandika ndege ambaye hakumsikia, kwa sababu jicho huona kile linachotaka. Nami nikamwambia kwamba siku nzima ya jana nilikuwa nikiandika ndege kwa kuamini masikio yake, kwa hiyo na yeye angeweza kuyaamini macho yangu mara moja. Askari alitoa hukumu kwamba ndege huyo ni wa nusu. Hatukukubaliana.

Anayetaka kwenda nitamwambia machache niliyoyalipia kwa usumbufu wangu mwenyewe. Machi hadi Mei njia huteleza vibaya na nisingempeleka mzazi wangu huko. Soksi ndefu ni muhimu kuliko viatu vya bei, na suruali iingie ndani yake tangu mwanzo, si baada ya siafu. Andika kwa penseli, maana kalamu ya wino haivumilii ukungu. Darubini nzito yenye kukuza sana haifai chini ya miti ambako mwanga ni hafifu. Niliyokuwa nayo safari hii ilikuwa ndogo na ya zamani, ikanitosha. Mwongozaji ni lazima kwa utaratibu wa hifadhi, lakini chagua kwa kuuliza nani kati yao hupenda ndege, kisha umruhusu aamue mwendo. Na ukipata muda baada ya kuteremka, nenda hadi Mto Kilombero karibu na Ifakara, ambako kwenye matete huishi kwera wa Kilombero, ndege wa manjano aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1990 tu, ingawa watu wa kivuko cha zamani walikuwa wakipita chini ya viota vyake kila siku. Mimi nilimwona nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikila wali wa Ifakara na samaki, bila kupanda popote.

Siku ya tatu mchana tulifika getini Mang'ula, tukakaa kwenye benchi chini ya mti ili tufanye hesabu. Daftari langu lilikuwa na ndege 37 niliowaona kwa macho. Mzee, ambaye haandiki, alihesabu kwa vidole na kwa milio, akiniigizia kila mmoja, huku watalii wawili waliokuwa wakijiandikisha wakigeuka kumtazama, na akafika 58. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, nikaandika upande mmoja waliosikika na upande mwingine walioonekana, na safu ya waliosikika ikanilazimu kufungua ukurasa mwingine. Kisha nikamuuliza habari ya chozi. Aliufikiria mlima kwa muda, akachukua penseli yangu, akaweka nukta ndogo upande wa walioonekana, akaniambia nisiandike jina mpaka nitakaporudi Novemba, maua yakiwa mengi na yeye akiwa amekwisha kufunga viatu.